Mama Mwenye Nyumba na Watu Wake wa Uzi

Mama mwenye nyumba wangu hakuogopa kitu hapa duniani isipokuwa viwili: baridi ya mwezi wa sita, na mtu kuinamia kazi ya mkono wake. Baridi alipambana nayo kwa masweta mawili chini ya baibui, soksi za sufu na jiko la mkaa lililomfuata kila alikokaa. Hilo la pili halikuwa na sweta. Lilimkuta uzeeni, likamnyima usingizi, likamfanya aweke sindano chini asiitake tena, na mimi nalijua vizuri kwa sababu mlango lililoingilia ulikuwa wa familia yangu.

Nilipanga kwake Lyamkena, Makambako, chumba kimoja na kibaraza, mwaka nilioanza kuuza masweta ya mitumba sokoni. Nilikuwa msichana wa Kibena, Mlutheri, mwanakwaya, niliyetoka kijijini upande wa Kidugala na begi moja na mdomo mrefu. Yeye alikuwa mjane wa mwenye malori, mtu wa pwani, Mwislamu wa sala zote tano na za ziada. Siku ya kwanza alinitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwani, halafu akanisomea masharti.

"Nyumba hii usipige redio wakati wa adhana, na usiniletee pombe ya ulanzi ndani ya ua. Mengine tutaelewana."

"Mimi ni mwanakwaya, mama. Huwa naimba."

"Imba. Ila imba vizuri, mimi nina masikio."

Hakuwa anatania. Baadaye kwaya yetu ilikosa mahali pa kufanyia mazoezi, na ni yeye aliyesema tuje tuimbie uani kwake. Alikuwa akikaa na kazi yake mapajani, midomo imeshika sindano, anatusikiliza. Tukimaliza anauliza, "Yule wa sauti nene leo amekula nini?" Na kweli, sauti nene siku hiyo ilikuwa imelala. Mwalimu wetu wa kwaya alimwogopa yeye kuliko alivyomwogopa mchungaji. Ikifika alasiri ananyanyua kidole, sisi tunanyamaza katikati ya ubeti, anaingia ndani kuswali, anatoka, anasema, "Haya, mlikuwa mmefika wapi?"

Huyo ndiye mtu ninayetaka kumwelezea, na ukitaka mtu aliyenyooka kama rula, tafuta mwingine.

Alihama na jua. Asubuhi utamkuta nyuma ya jiko, mchana karibu na tenki la maji, jioni kwenye ukuta wa upande wa chumba changu, kigoda chini yake na kitambaa mapajani. Wapangaji wapya walidhani anatuchunguza. Wala. Alikuwa anafuata joto tu, na umbeya aliupata njiani kama mtu anayeokota kuni akitoka kisimani. Kibena alisema hakijui, zaidi ya "Kamwene" ya kusalimia. Lakini siku moja dukani wanawake wawili walimsengenya kwa Kibena mbele yake, kwamba mama huyu wa pwani anavaa mpaka anakuwa mnene kama gunia, naye akawageukia kwa Kiswahili chake kitamu, "Gunia halisikii baridi, wanangu. Mimi nasikia." Wale wanawake waliacha sukari yao kaunta.

Kiswahili chetu hakukipenda. "Nyinyi Kiswahili chenu cha shuleni," alikuwa akiniambia. "Kimepigwa pasi. Hakina hata mkunjo mmoja." Nami nilimjibu kwamba chake kina mikunjo mpaka mtu haoni nguo. Alicheka mpaka akatoa sindano mdomoni asije akaimeza.

Kazi yake ilikuwa kofia. Kofia za mkono, zile za vitobo, ambazo mtu anachora mstari kwa penseli, anatoboa, anazungushia uzi kila kitobo mpaka kitambaa kizima kinakuwa kama kinapumua. Alifundishwa utotoni na wanawake wa kwao, na alipofuata mume Makambako akaja na sindano zake. Wateja wake walikuwa madereva na wafanyabiashara, watu wa kupita na watu wa kukaa, kwa kuwa Makambako barabara zinagawana watu: huyu Mbeya, huyu Songea, huyu kabaki kwa sababu gari limeharibika na hatimaye ameoa.

Namna yake ya kupima ilikuwa kituko. Dereva anakuja kuagiza kofia, yeye anamwambia, "Tembea." Mtu anatembea mpaka kwenye geti. "Rudi." Anarudi. "Hebu niambie safari yako ya juzi ilikuwaje." Mtu anasimulia, mikono inapaa, yeye anatazama tu. Mmoja aliwahi kumuuliza, "Mama, unanipima kichwa au miguu?"

"Kichwa nitakipima kwa uzi. Wewe nakupima kwa macho."

Ndipo anapoamua vitobo viwe vya karibukaribu au vya mbalimbali, mstari uende moja kwa moja au uzunguke. Madereva walidhani ni madoido. Mimi niliyekaa naye nilijua kwamba kofia mbili za watu wawili hazikufanana hata kidogo, na kwamba ukimwekea kofia zote mezani angekwambia hii ni ya yule mkimya, hii ni ya yule anayedanganya mkewe. Nilimuuliza mara moja kwa nini asitumie kitambaa cha rangi, watu wakavutiwa. Akasema, "Kofia si kitambaa, mpangaji. Kofia ni vitobo. Kitambaa kipo ili vitobo visianguke." Nilikwenda nayo sokoni hiyo kauli, nikaicheka peke yangu mchana kutwa.

Halafu zikaja kofia za mashine, za bei ya kutupa, na wateja wakapungua mpaka wakaisha. Nilitegemea atalalamika, maana kulalamika alikuwa anakuweza. Badala yake alinunua kitambaa cheupe kipana kama shuka, akakitandaza juu ya mkeka, akaanza kutoboa na kushona kitu ambacho hakuna kichwa kingekivaa.

"Hiki kichwa cha nani?" nikamuuliza. "Cha tembo?"

"Si kichwa. Ni yule mama wa ulanzi pale njiani."

Nikainama kutazama. Sikuona mama wala ulanzi. Niliona vitobo vikubwa juu, vimejazana vinagombania nafasi, halafu vinatawanyika vikishuka, vinakuwa vidogo, vinarudi tena vikubwa ghafla pembeni mahali usipotegemea. Nikasema sioni pua.

"Pua ni ya Mungu. Mimi nashona anavyocheka."

Nami naapa, nilipotazama mara ya pili, nilimsikia yule mama akicheka. Ndivyo anavyocheka hasa: anaanza kwa kishindo kabla hajamaliza hadithi, anafifia, unadhani amekwisha, analipuka tena. Na huyu ndiye mtu ambaye kinywaji chake hakikuruhusiwa kuvuka geti letu. Kinywaji hakikuvuka. Kicheko kilitundikwa sebuleni.

Sura ya mtu hakuchora kamwe. Chuoni alikosoma Kurani utotoni walimwambia kwamba anayechora sura ya kiumbe ataambiwa Siku ya Mwisho aipulizie roho. "Na mimi pumzi yangu mwenyewe hainitoshi kupanda kilima cha kwenda sokoni," alisema. Lakini ukimkuta katika hali ya kuzungumza kwa kweli, alikuambia kwamba hilo la pumzi silo lililomtisha. Lililomtisha ni hadithi ya watu wa kale waliowapenda wazee wao wema, wakaweka picha zao ili wawakumbuke tu, hawakuwa na nia mbaya, kisha wajukuu wakaja wakaziinamia. "Unaona? Ilianza na mapenzi," alisema, na sauti ilikuwa ndogo. "Mimi watu wangu nawapenda. Ndiyo maana nawashona hivi, mtu apite asijue kama ni mtu."

Na walipita wasijue. Ustadhi wa jirani aliingia siku moja kuleta salamu, akatazama ukutani, akasema, "Maua mazuri, mama," akaenda zake. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia. "Hakuuliza," akajibu. Mimi ningekuwa yeye ningemtangazia mtaa mzima. Lakini mimi si yeye, na ndiyo maana yeye alikuwa na nyumba na mimi nilikuwa na chumba.

Walioelewa kwanza walitoka mbali. Dereva mmoja alipewa kitambaa, akakifanya pazia la kitanda cha nyuma ya lori, na kule Dar es Salaam binti mmoja anayeandaa maonyesho ya sanaa akakiona. Alikuja Makambako amevaa ndala. Nililazimika kumvalisha sweta kabla hajaweza kuzungumza. Alipoingia sebuleni alisimama katikati ya vile vitambaa, kimoja hadi kingine, na kwenye kile cha mama wa ulanzi alitabasamu bila kujua, nikasema moyoni, huyu anasikia. Alitueleza kwamba yeye na wenzake, vijana wa Kiislamu wanaopaka rangi na kuchonga, wanahangaika namna ya kusema "huyu ni mimi" pasipo kuvunja waliyolelewa nayo, na wengine wameshaacha moja wakashika jingine. "Na wewe, bibi, umekaa huku kwenye ukungu na jibu," akasema. Mama mwenye nyumba alimwambia anywe chai kwanza.

Ugomvi ukaja kwenye karatasi. Binti aliandika: msanii wa Kiislamu kutoka pwani.

"Futa pwani," mama mwenye nyumba akasema.

"Lakini ufundi ni wa pwani, bibi."

"Ufundi ndiyo. Mimi je? Pwani nikienda msibani wananiita Mbena, wananiuliza kama huku tunakula viazi na maganda. Nikirudi huku mnaniita mama wa pwani. Sasa kwetu wapi, ndani ya lori?"

"Niandike nini basi?"

"Andika Mwislamu, hilo halina ubishi. Halafu andika mama mwenye nyumba, Lyamkena."

Binti alicheka, akatazama kama ni utani, akaona si utani, akaandika. Vitambaa vitatu vilikwenda na maandishi hayo hayo, na nasikia watu walisimama mbele yake wakiulizana ni nyumba gani. Nami kwa heshima hiyo hapa simwiti vinginevyo.

Sasa nimfikie mama yangu.

Mama alitibiwa mguu hospitali ya Ikonda, na alipotoka hakuwa na nguvu ya kurudi kijijini moja kwa moja, nikamchukua akae kwangu mpaka apone. Chumba kimoja, mama, mimi na marobota ya masweta. Mama mwenye nyumba hakuniuliza kitu. Asubuhi ya kwanza nilimkuta amepeleka kigoda cha pili nyuma ya jiko.

Wale wazee wawili waliota jua pamoja msimu mzima. Mama Kiswahili chake ni cha kanisani na sokoni, kikimwishia anaendelea na Kibena bila kuomba radhi. Mwenzake anamjibu kwa Kiswahili cha mikunjo. Nusu ya maneno yalianguka chini katikati yao, na hakuna aliyehangaika kuyaokota. Mmoja anamenya viazi, mwingine anashona. Nikirudi jioni nawakuta wamenyamaza wote wawili, wameridhika, kama watu waliotoka kwenye maongezi marefu. "Dada yako ni mtu mzuri," mama aliniambia usiku mmoja. Nikamwambia si dada yangu, ni mwenye nyumba. "Basi dada yangu," akasema, akageukia ukuta akalala.

Mama alipopona akapewa zawadi ya kuondokea: kitambaa kikubwa kimekunjwa vizuri ndani ya kanga. Mama mwenye nyumba alinifungulia mimi kwanza, tukiwa wawili. Ilikuwa mistari. Mistari mirefu ya vitobo, imepangana kama matuta ya viazi kwenye mteremko wa kwetu, na ndani yake tuta moja linachechemea: linakwenda, linasita, linaruka, linakwenda tena, wala halimwachi mwenzake. Nilimtambua mama yangu papo hapo na machozi yakanitoka, na sioni aibu kusema.

"Utamwambia?" nikauliza.

"Nimwambie nini? Atajisikia vibaya kwamba nilimtazama mguu. Aseme ni kitambaa kizuri, inatosha."

Basi mama akasema ni kitambaa kizuri. Akaenda nacho kijijini. Sikukuu ya mavuno ilipofika nikaenda kusali naye, na wengine walipokuwa wakipanga magunia, kuku na mikungu ya ndizi mbele ya kanisa kwa ajili ya mnada, mama yangu alimwendea mwinjilisti na kile kitambaa, akamwambia hiki hakinadiwi, hiki ni cha Bwana. Mwinjilisti akakikunjua. Kanisa zima likasema aah. Kabla ibada haijaisha kilikuwa kimetandikwa juu ya madhabahu, na nikapiga magoti mbele yake pamoja na wengine kupokea meza ya Bwana, nikiwa nimejaa fahari mpaka kooni.

Nilirudi Lyamkena nikakimbilia kwenye ukuta wa jua la jioni kusimulia. Nilidhani nimebeba habari njema. Nilisimulia yote, mwinjilisti, aah ya watu, magoti.

Mama mwenye nyumba aliuliza jambo moja. "Wanapiga magoti mbele yake?"

"Mbele ya madhabahu, mama."

"Na yeye yuko juu ya madhabahu."

Ndipo nilipoona. Alichomeka sindano kwenye pazia la dirisha, akanyanyuka, akaingia ndani, na jua lilikuwa bado lipo.

Hakunikasirikia, wala hakumlaumu mama. "Mama yako ametoa alichopewa. Sikumwambia kama ni yeye, angejuaje?" Lakini hakushona tena. Siku zikawa wiki, wiki zikawa mvua, na ile sindano ikaanza kuota kutu pale paziani. Nilimwambia nitakwenda kukichukua. Akasema nitaenda kumwambia nini mama yangu, kwamba zawadi ile ina sumu? Nikasema nitamwomba mwinjilisti akiweke kabatini. "Kitu kimetolewa kwa Mungu," akasema, "mimi nikivute kutoka mkononi mwa Mungu?" Akikiacha, aliamini dhambi ya kila goti inaandikwa kwake. Akikitoa, anamvunjia heshima mama yangu mbele ya kanisa lake lote. Alikwenda kwa ustadhi akamuuliza kama kitambaa cha mapambo kikitumika mahali pa ibada ya wengine kina neno. Ustadhi akasema hakina neno. Alirudi amenuna. "Nimempa nusu ya swali, kanipa nusu ya jibu," akaniambia.

Binti wa maonyesho alipopiga simu kuomba kazi mpya, mama mwenye nyumba alinipa simu. "Mwambie nimekufa." Nilimwambia binti kwamba bibi anapumzika. Mama mwenye nyumba nilimwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea huruma mtu mzima, kwa sababu hakujua kufanya kingine. Alihama na jua vilevile, mapaja matupu, mikono haina kazi, anaikunja, anaikunjua.

Hivyo ndivyo nilivyomwacha nilipojenga kibanda changu Njombe na kuhama. Mwaka jana, mwezi wa sita, mwezi ambao huwa hata dukani haendi, akanipigia.

"Njoo unipeleke kwa mama yako."

"Mama, na baridi hii?"

"Mama yako ana umri gani? Na mimi? Unataka tusubiri lipi?"

Nilishuka Makambako, tukakodi Noah. Alivaa masweta matatu na koti la marehemu mumewe, na mapajani amekumbatia mfuko wa dukani. Ndani kulikuwa na kitambaa kingine, cheupe, cha lesi, cha kununuliwa. Njia nzima alikuwa akifanya mazoezi ya maneno. Atasema hiki ni kizuri zaidi. Atasema kile kina kasoro ya ushonaji, anataka kukirekebisha. Nikamwambia hilo la pili ni uongo. "Najua ni uongo," akasema, "ndiyo maana nafanya mazoezi."

Tulimkuta mama nje, kwenye jua, amezeeka kuliko nilivyomwacha Pasaka. "Kamwene!" mama mwenye nyumba akamwita kutoka mbali. Mama akajaribu kusimama, mwenzake akamkalisha, akakaa pembeni yake, wakashikana mikono. Chai ikaja. Viazi vikaja. Kisha mfuko ukafunguliwa.

"Mwenzangu, nimekuletea kitambaa. Kizuri kuliko kile. Nipe kile, wewe upeleke hiki."

Mama akakipapasa kile cha lesi. "Kizuri. Kile kina kasoro?"

Nikamtazama mama mwenye nyumba. Mazoezi yote yale ya njiani, na mdomo ukagoma.

"Hakina," akasema.

"Sasa?"

"Kile ni wewe." Akaikunja mikono, akaikunjua. "Nilikushona wewe, mwenzangu. Mwendo wako, mguu wako, kila kitu. Ni picha ya mtu. Sikukuambia. Na sasa umewekwa juu, watu wanakuinamia, na aliyefanya hayo ni mimi."

Mama yangu alimtazama, halafu akaanza kucheka, kicheko cha mtu asiye na meno mengi. "Dada, mimi mjinga? Nilijijua siku ile ile uliyonipa. Nani mwingine anakwenda hivi?" Akaonyesha kwa vidole viwili juu ya goti, vinakwenda, vinasita, vinaruka.

"Ulijua? Na ukampelekea mwinjilisti?"

"Sikumpelekea mwinjilisti. Mwaka ule mimi nilikuwa Ikonda, nikawa kwako. Nani alilima? Wenzangu wamebeba magunia wanakwenda nayo kanisani. Mimi nina nini? Nikatazama ndani, nikaona nina mimi. Nikasema, haya basi, Bwana, nichukue mimi."

Mama mwenye nyumba alitazama shambani, kisha mikononi mwake, kisha akaomba apelekwe akakione.

Kanisa la kwetu ni la matofali, dogo, na siku ya kazi huwa limefungwa. Mwinjilisti alitufungulia, akarudi kwenye ng'ombe wake. Mlangoni mama mwenye nyumba alivua viatu, kwa mazoea ya msikitini. Nilitaka kumwambia kwamba sisi hatuvui, lakini mama yangu alikuwa tayari ameegemea mlango anahangaika na vyake, kwa hiyo na mimi nikavua. Sakafu ilikuwa baridi kama barafu. Tukaenda watatu, soksi kwa soksi, mpaka karibu na mbele, na hapo mama mwenye nyumba akasimama.

Muda wote alikuwa amekijua kitambaa kile kikiwa mapajani, au kimetundikwa kwenye kamba, kimenyooka. Kukitandika juu ya meza hakuwahi. Matuta yale ya vitobo yalianzia nyuma ya madhabahu, yakaja mbele juu ya ubao, na yalipofika ukingoni yakapinda yote kwa pamoja, yakaelekea chini, tuta lile linalochechemea likiwa miongoni mwao. Mwanga wa dirishani ulipita kwenye vitobo na kuangukia sakafuni, pale watu wanapopigia magoti.

Alisogea upande, akatazama kutoka ubavuni, jinsi alivyokuwa akiwatazama madereva wakitembea uani. Alitazama mpaka nikaanza kuhofia atasema nini.

"Kumbe hawamwinamii," akasema taratibu. "Anainama nao."

Akajifuta macho kwa mkono wa koti la mumewe. Kile kitambaa cha lesi alikiacha kwenye benchi, wakitumie wapendavyo. Kisha akamgeukia mama yangu, ambaye alikuwa amesimama pale na soksi zake amejishika kwenye benchi la mbele, asijue kama amesamehewa au ameshitakiwa.

"Mwenzangu," akamwambia, "umerukuu vizuri."

Rukuu ni kule kuinama kwao katika sala, kabla ya kusujudu. Mama yangu neno hilo hakulijua. Akasema, "Asante, dada," akampa mkono, na wakatoka nje kwenda kutafuta viatu vyao.